Mwaka wa Nyota ya Mkia

Siku tatu kabla ya Mwalimu Gideoni Mwakalinga kuagwa, mkewe Marta alimwuliza kwa mara ya mwisho kama atasema. Alimwuliza jikoni, akipepeta maharage kwenye ungo, bila kuinua macho.

"Nimekwisha kukujibu," Gideoni alisema. "Jumamosi wataniaga, Jumatatu tutapanda basi la Mbeya. Na sababu unaijua."

"Sababu naijua. Nauliza tu kama Mungu umemwambia ukweli, au na yeye umemwandikia elfu moja mia tisa na tatu."

 Gideoni alikuwa Mkuu wa chuo cha walimu cha misheni, kule mlimani juu ya Kihesa, Mwafrika wa kwanza kukabidhiwa funguo za chuo kile, na kwa miaka kumi na mmoja hakuna mtu aliyemsemesha namna ile ila mkewe.

Barua ya kustaafu ilikuwa imekuja mwezi wa nane. Ilisema kwa heshima nyingi kwamba, kwa kuwa Mwalimu G. Mwakalinga alizaliwa mwaka 1903, na kwa kuwa mwaka huu wa 1958 ametimiza miaka hamsini na mitano, utumishi wake utakoma mwisho wa Desemba. Kila neno la barua ile lilikuwa sahihi, ila mwaka wa kuzaliwa. Gideoni alizaliwa mwaka 1907. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja.

Alikuwa na miaka kumi na minne alipotoroka kwa baba yake, huko Rungwe, akaenda misheni kuomba ubatizo na shule. Mchungaji wa pale hakumpokea kijana asiye na ruhusa ya baba mpaka awe amefikisha miaka kumi na minane, na baba yake Gideoni alikuwa amemfukuza mwinjilisti kwa mpini wa jembe. Basi kijana, ambaye alikuwa mrefu kuliko rika lake, akasema anayo kumi na minane. Mchungaji alimtazama toka miguuni hadi kichwani, akachovya kalamu. Mwaka uliopatikana siku ile ulimfuata katika kila karatasi ya maisha yake.

"Miaka minne," Marta alisema. "Yudith anahitaji miaka minne tu. Miwili amalize la nane, miwili ya ualimu. Mtoto wa mwalimu aliye kazini misheni inamlipia nusu ya ada. Mtoto wa mstaafu hapewi hata kipande cha sabuni. Mungu ametuwekea miaka minne ileile, wewe unaiacha mezani kama mabaki ya chakula."

"Na Timotheo Kalinga?"

Ungo ukasimama mikononi mwa Marta.

Mwaka uliopita, Gideoni alimfukuza mwanafunzi aliyeitwa Timotheo Kalinga. Chuo hakikupokea mtu aliyezidi miaka ishirini, na Timotheo, aliyekuwa na ishirini na mitatu, alibadili tarakimu moja ya mwaka wake wa kuzaliwa ili aonekane ana kumi na tisa. Alikuwa amechelewa kuanza shule kwa sababu baba yake alikufa na yeye akabaki kulima. Gideoni alisikia tetesi, akapanda baiskeli mwenyewe hadi kanisani, akaomba kitabu cha ubatizo, akasoma. Kesho yake alimsimamisha Timotheo mbele ya chuo kizima. "Uongo wa tarakimu moja ni uongo," alisema. "Mtu huyu angekwenda kufundisha watoto hesabu." Mama yake Timotheo, Lusia, alipanda kutoka Mlandege kwa miguu, akapiga magoti barazani kwa Mkuu. Marta ndiye aliyemwinua. Gideoni hakutoka ndani.

"Nikisema umri wangu," Gideoni alisema sasa, "nitakaaje tena katika kiti kilekile nilichokikalia nilipomfukuza yule?"

"Basi ondoka katika kiti. Lakini ondoka kwa ukweli."

"Nitaondoka kwa heshima."

Marta aliendelea kupepeta. "Heshima haipikwi," alisema.

*

Siku ya pili yake akaja karani wa chuo, Silvester, na daftari chini ya kwapa. Aliomba radhi mara tatu kabla ya kuvuka kizingiti, kisha akahesabu viti, vitanda, meza, na mpaka misumari ya kutundikia makoti. Alipofika jikoni aliinua sufuria moja, akaigeuza kutafuta alama ya chuo.

"Hiyo ni yangu, mwanangu," Marta alisema. "Nilikuja nayo nikiwa bibi harusi."

"Samahani, mama. Nimeambiwa niangalie kila kitu."

"Angalia. Na mimi nigeuze uniangalie kama nina alama."

Silvester aliinamisha kichwa, akaandika sufuria ile upande wa mali ya mwenye nyumba. Alikuwa amefundishwa na Gideoni. Nusu ya watu waliokuja kumtoa nyumbani mwake walikuwa wamefundishwa naye.

Hata hajaondoka, akafika Benedicta, mke wa Mkuu mpya, mwanamke mpole wa sauti ndogo, ameshika utepe wa fundi cherehani. Alikuja kupima madirisha ya mapazia. Alisema hakutaka kusumbua. Ila fundi wa Mlandege alikuwa na kazi nyingi za Krismasi, na asipopelekewa vipimo leo hatashona mpaka mwezi wa pili. Marta akamshikia ncha ya utepe. Wakapima dirisha la sebule, dirisha la chumba cha Yudith, kisha dirisha la chumba alimolala Marta na mumewe.

"Hapa panaingia jua la asubuhi?" Benedicta aliuliza.

"Linaingia."

"Basi nitaweka kitambaa kizito."

"Weka," Marta alisema. "Mwenye nyumba wangu huamka kabla ya jua. Huyo wako simjui."

Jioni, kabla ya chakula, walisali wote watatu kama kawaida: Gideoni, Marta na Yudith. Ilikuwa zamu ya Yudith kuomba. Aliomba kwa ajili ya safari, kwa ajili ya shangazi aliye njiani, na kwa ajili ya mtihani wake wa mwakani. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba mwakani hakutakuwa na mtihani. Marta alisema "Amina" akaondoka haraka kwenda kuangalia ugali ambao ulikuwa umekwisha kuiva.

*

Shangazi mwenyewe, Tusajigwe, alifika Ijumaa adhuhuri kwa basi kutoka Iyunga, upande wa Mbeya, na mkungu wa ndizi, debe la maharage, na jogoo aliyefungwa miguu ambaye alikuwa amewika njia nzima. Ni dada mkubwa wa Gideoni. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni. Akichoka nacho alirudi kwenye Kinyakyusa bila kuaga.

"Ndaga, wifi," alimwambia Marta, akimshika mikono yote miwili. "Umekonda. Huku Uheheni hakuna ndizi, ndiyo maana. Mtu hawezi kunenepa kwa upepo."

Kisha akamshika ndugu yake kidevu, akamgeuza uso huku na huku kama anunuaye ng'ombe.

"Mimi barua yenu niliisomewa na mwalimu wa pale, nikasema amekosea kusoma. Kustaafu. Kustaafu nini? Meno yote yamo. Mvi ziko wapi? Hawa Wazungu wako wanastaafisha watu kama wanavyong'oa viazi, hata vidogo?"

Gideoni alicheka kicheko kifupi. "Ni sheria, dada."

"Sheria inayomtoa ndume zizini akiwa bado anapanda ng'ombe, hiyo ni sheria ya mtu asiyefuga."

Ilikuwa saa ya Gideoni kumwambia dada yake. Alikuwa amekaa karibu naye, Yudith yuko kisimani, chai iko mezani. Lakini angemwambiaje dada aliyemlea kwamba utu uzima wake wote umejengwa juu ya uongo aliousema alipomtoroka baba yao? Tusajigwe ndiye aliyepigwa siku ile, kwa kumficha. Gideoni aliinua kikombe, akanywa, akamwuliza habari za mvua.

Ratiba ya sherehe ilikuwa imeandikwa na Mchungaji Jailos wa usharika, na baada ya risala ya wanafunzi aliweka "neno la ndugu". Katika ukoo wa akina Mwakalinga, mtu aliyekaa sana ugenini akirudi, mkubwa wake wa damu humpokea mikononi mwa wenyeji mbele ya watu wote, na maneno yake huanza siku mtu huyo alipozaliwa. Tusajigwe alikuwa ameyatunga tangu kwenye basi. Jioni, akimenya ndizi pamoja na wifi yake, aliyarudia kwa sauti ili asisahau.

"Nitasema: huyu mimi nilimbeba. Nitasema: mwaka ilipopita nyota ya mkia, nilimtoa nje alfajiri mgongoni kwangu aione, naye akalia kwa kuwa nilimkatiza kunyonya. Watacheka kidogo hapo. Kisha nitasema ya baba."

Kisu cha Marta kilisimama ndani ya ganda.

Alikuwa amesoma darasa la jioni la wake wa walimu, darasa lililofundishwa na mumewe mwenyewe, na hesabu ndogo ndogo hazikumshinda. Alijua pia kwamba kesho ukumbini watakuwapo walimu na wanafunzi, na kwamba mwaka wa nyota ile wengi wao waliujua. Angeweza kusema, "Wifi, habari ya nyota iache." Lilikuwa neno dogo tu. Alilishika mdomoni muda mrefu. Kisha akachukua ndoo, ingawa maji yalikuwamo mtungini, akaenda nyuma ya nyumba, akasimama penye mparachichi alioupanda mwenyewe.

"Bwana," alisema, "mimi sitasema na sitazuia. Kama ni dhambi, uiandike kwangu."

Akarudi na ndoo tupu. Tusajigwe hakuuliza.

*

Jumamosi ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mbele walikaa Mchungaji Jailos, Mkuu mpya na Benedicta wake, na Bwana Mkaguzi wa shule za misheni, Mzungu mrefu mwenye shingo nyekundu, aliyekuja kwa gari na aliyejua Kiswahili vizuri. Mlangoni, kwenye masufuria, walikuwa akina mama wa usharika waliokuja kusaidia kupika. Mmoja wao alikuwa Lusia, mama yake Timotheo. Marta alimwona akikoroga pilau na kitambaa kimemshuka mpaka kwenye nyusi, akajiuliza kama alikuja kwa upendo au kutazama.

Kwaya iliimba. Risala ikasomwa.

"Mwalimu wetu," kijana msomaji alisema, "ulitufundisha kwamba uongo wa tarakimu moja ni uongo. Neno hilo tutakwenda nalo vijijini. Kwa miaka kumi na mmoja hapana uongo uliovuka mlango wa chuo hiki bila wewe kuujua."

Watu wakapiga makofi. Gideoni aliangalia viatu vyake.

Kisha wanafunzi wanne wakaleta zawadi, kiti cha mninga kilichochongwa na wao wenyewe, kizito, cha mikono mipana. Kwenye egemeo walikuwa wamechonga kwa patasi, kwa herufi nzuri: G. MWAKALINGA, 1903, MWALIMU WA WALIMU. Wakamwomba akikalie. Akakaa. Aliuhisi mwaka ule mgongoni, ingawa mtu hawezi kuhisi maandishi kupitia koti.

Mchungaji Jailos akamwita ndugu. Tusajigwe alisimama na vazi lake jipya, akasema tangu mwanzo kwamba Kiswahili chake ni cha kuuzia maharage, si cha kupokelea mtu. Watu wakacheka. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili kutoka Tukuyu, Isakwisa, akaitwa kutafsiri. Akasimama kando ya mama yule, mikono nyuma, kama alivyofundishwa.

Tusajigwe alisema, Isakwisa akatafsiri. Kwamba wao walikuwa saba, wamebaki wawili. Kwamba mama yao alimkabidhi mtoto huyu kwake, naye akamlea mgongoni. Watu waliguna kwa kuridhika. Kisha Tusajigwe akasema maneno marefu kidogo, akitabasamu, akinyoosha mkono juu kuonyesha mbingu, na akangoja kicheko.

Isakwisa hakutafsiri.

 Kijana alikuwa wa kwanza darasani kwa hesabu. Macho yake yalikwenda kwenye egemeo la kiti, kwenye zile tarakimu nne, yakarudi kwa Mkuu.

"Anasema nini?" Bwana Mkaguzi aliuliza kwa upole.

"Anasema, bwana, anasema kwamba," Isakwisa alisema, akakwama tena. "Anasema alimpenda sana ndugu yake."

Wanyakyusa wachache waliokuwamo ukumbini waligeuza nyuso. Tusajigwe, ambaye alijua Kiswahili cha kutosha kusikia kwamba amepunjwa, akamtazama kijana kwa mshangao. Marta, kwenye safu ya wanawake, alifumba macho.

Gideoni alikuwa amepata wokovu wake. Alihitaji kunyamaza tu, kama alivyonyamaza miaka thelathini na saba. Lakini mbele yake alisimama mwanafunzi wake, mzuri kuliko wote, akitokwa na jasho, akijifunza kusema uongo kwa heshima ya mwalimu. Na hili ndilo Gideoni hakuweza kulitazama.

"Isakwisa," alisema. Sauti yake haikuwa kubwa. "Tafsiri kama alivyosema. Usipunguze."

 Kijana akatazama ukuta wa nyuma.

"Anasema, mwaka ilipopita nyota ya mkia, alimbeba mgongoni alfajiri kumwonyesha. Na mtoto alilia, kwa sababu alikuwa bado ananyonya."

Hapakuwa na kicheko. Tusajigwe akageuka huku na huku asielewe. Ukumbi ulikuwa na walimu kumi na wanane na wanafunzi themanini na wawili, na wote walijua kutoa na kujumlisha, kwa kuwa Mkuu wao aliwafundisha. Unaweza kusema hesabu ile ilisikika ikipigwa.

"Nyota hiyo naikumbuka," Bwana Mkaguzi alisema polepole, kama mtu anayezungumza na nafsi yake. "Baba yangu alinionyesha dirishani. Nilikuwa na miaka sita. Mwaka 1910." Akakigeukia kiti. Akasoma egemeo, ingawa alikuwa amekwisha kulisoma. "Mwalimu Mwakalinga. Mwaka 1910 ulipaswa uwe na miaka saba."

Gideoni aliinuka kutoka kwenye kiti.

"Nilikuwa na miwili na nusu, bwana. Nilizaliwa mwaka 1907. Nilipobatizwa nilikuwa na kumi na minne, nikasema kumi na minane ili nipokelewe bila baba. Nimekaa na uongo huo mpaka leo, nikakusudia kuondoka nao. Nilimfukuza Timotheo Kalinga kwa kosa lilelile, na siku ile nililijua kosa langu kama ninavyolijua jina langu."

Mchungaji Jailos aliweka mkono juu ya Biblia yake, kana kwamba upepo ungeichukua. Mwanafunzi aliyesoma risala alikuwa bado ameshika karatasi. Akaikunja mara mbili, kisha mara nne, mpaka haikukunjika tena. Tusajigwe ndipo alipoelewa kwamba ni yeye aliyeifichua siri, akakaa chini sakafuni, mahali pale pale, na kanga mdomoni.

Bwana Mkaguzi hakuwa mtu mbaya. Alisema jambo ambalo hapana mtu aliyelitegemea.

"Ulikuwa mtoto. Mchungaji wako naye angepaswa kuona. Kama dada yako ataapa mbele ya Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, karatasi itasahihishwa. Utakuwa na miaka minne zaidi. Mkuu mpya anaweza kupangiwa chuo kingine. Sioni sababu ya kumpoteza mtu kama wewe kwa ajili ya nyota."

 Marta alimtazama Yudith, ambaye mdomo wake ulikuwa wazi. Miaka minne. Mungu hakuiandika ile kama dhambi. Benedicta alikuwa ameshika mkoba wenye vipimo vya madirisha, naye alikuwa amepauka.

Ndipo mwiko ulipogonga ukingo wa sufuria mlangoni. Lusia alikuwa ameingia hatua mbili ndani ya ukumbi, mikono inanuka vitunguu.

"Samahani, bwana mkubwa," alisema. "Na wa kwangu je? Naye karatasi yake itasahihishwa?"

Bwana Mkaguzi alimwuliza Mchungaji yule ni nani, akaambiwa kwa mnong'ono.

"Mama, hiyo ni habari nyingine," alisema. "Sheria ya umri wa kuingia haina nafasi. Mwanao sasa amezidi zaidi."

"Nilidhani nyota ni ya watu wote," Lusia alisema. Hakusema kwa hasira. Akageuka kurudi kwenye sufuria.

"Lusia, ngoja," Gideoni alisema.

Marta alijua. Kabla mumewe hajafungua mdomo alijua, akatingisha kichwa, taratibu, mara moja, kwake peke yake. Gideoni alimwona. Katika miaka yao yote ya ndoa hakuwahi kumwona akiomba kitu mbele za watu.

"Bwana, ninashukuru," alisema. "Lakini kama la Timotheo halisahihishwi, na langu lisisahihishwe. Nitaondoka Jumatatu. Ninaomba tu iandikwe kwamba niliondoka kwa sababu hii, wala si kwa uzee."

Mchungaji alitaka kufunga kwa sala, akaifunga Biblia badala yake. Watu walikwenda kula. Pilau ilikuwa nzuri. Wengi walikumbuka baadaye kwamba ilikuwa nzuri, na kwamba hapana mtu aliyeomba kuongezewa.

*

Marta hakusema na mumewe Jumamosi hiyo, wala Jumapili. Alimpakulia, alimkunjia mashati, alijibu "Amina" sala ilipokwisha. Jumapili mchana alimwita Yudith chini ya mparachichi akamweleza kwa nini mwakani hatarudi shuleni. Yudith aliuliza swali moja tu: kama baba angekubali, yeye angesoma? Marta akasema ndiyo. Yudith akaingia ndani akayafunga madaftari yake kwa kamba ya katani, yote, hata yaliyojaa.

Tusajigwe alilia mpaka sauti ikakauka. "Nimekuja kukupokea, nimekuua," alimwambia ndugu yake.

"Hapana, dada. Ulisema siku niliyozaliwa. Hapana mwingine aliyenitendea hivyo."

Kisha Gideoni akaazima patasi kwa fundi wa chuo. Alikaa barazani, mahali alipopigia magoti Lusia, akaukwangua mwaka ule kwenye egemeo la kiti mpaka pakabaki kovu jeupe katikati ya jina lake na kazi yake. Wanafunzi waliokuwa wakipita walimwamkia bila kusimama.

Jumatatu walishuka Mlandege na mizigo kwenye mkokoteni. Basi lilikuwa limekwisha kuwasha injini. Mpakiaji wa mizigo juu ya paa alikuwa kijana mwenye shati lililochanika bega. Alipoinama kupokea kiti, Gideoni akamtambua. Mwaka mzima alidhani Timotheo Kalinga amerudi kulima. Kumbe alikuwa hapa, mwendo wa nusu saa kutoka chuoni, akipakia magunia.

"Shikamoo, Mwalimu," Timotheo alisema.

"Marahaba, Timotheo."

"Mama amenieleza."

Gideoni aliinua uso. Alikuwa ameyaandaa maneno tangu Jumamosi, mengi na mazuri. "Nisamehe," alisema, na mengine yote hayakuonekana kuwa na kazi.

 Timotheo alikipokea kiti, akakigeuza, akapitisha kidole gumba juu ya lile kovu jeupe.

"Wewe umefuta kwa patasi," alisema. "Mwaka wangu haukufutika."

"Najua."

"Mchungaji amesema ataandika barua Dar es Salaam kuniombea nafasi. Sijui." Akakilaza kiti juu ya paa, akatandika gunia chini ya egemeo lisikwaruzike, akafunga kamba mara mbili. Kisha, bila kumtazama, akasema, "Safari njema, Mwalimu," akanyoosha mkono kupokea debe la watu wengine.

Basi liliondoka. Tusajigwe alisinzia kabla hawajatoka mjini. Yudith alikaa dirishani na madaftari yake mapajani. Gideoni na Marta walikaa bega kwa bega, kwa kuwa viti vya basi havijui nani amenuniana na nani, wakapita mashamba ya mahindi, mteremko, daraja, na mlima mwingine, bila neno. Gideoni alikuwa akisali kimya. Hakuomba chochote. Alikuwa akihesabu tu mbele za Mungu vitu vilivyobaki.

Karibu na Sao Hill, mvua ilipoanza kupiga vioo, Marta alifungua kifurushi, akavunja kiazi kilichochemshwa, akampa mumewe nusu kubwa.

"Miaka hamsini na mmoja," alisema, akitazama mbele. "Basi jembe bado unaliweza. Tutalima kahawa ya ada yake."

Gideoni alikishika kiazi, hakula kwa muda. Tangu abatizwe, hakuna mtu aliyekuwa amemtajia umri wake wa kweli.